Ng'ombe wa Mahari na Deni la Mume

Mzee wa Dutwa, huko Bariadi Usukumani, hahitaji mhubiri amfafanulie kwa nini Yakobo alimtumikia Labani miaka 7 ili ampate Raheli, kisha 7 mingine. Kwa Waisraeli wa kale, kama kwa Wasukuma, mali ilitoka kwa kijana ikaenda kwa baba wa binti. Baadaye njia zikaachana.

Mapokeo ya Kiyahudi humtaja Shimoni ben Shetaki, wa karne ya 1 kabla ya Kristo, kuwa ndiye aliyegeuza mambo. Mume aliandika hati, ketuba, akijifunga kumlipa mkewe mwenyewe akimwacha, au mke alipwe akifiwa: sarafu za fedha ziitwazo zuz, 200 kwa aliyeolewa bikira, 100 kwa aliyekuwa mjane. Mali yote ya mume ikawa dhamana. Marabi hawakuficha nia yao: mtu asione kumwacha mke ni jambo jepesi. Hata hivyo talaka ilibaki mkononi mwa mume, na akigoma kuitoa, mke amekwama hadi leo. Karibu mwaka 1000, Rabi Gershom wa Mainz anasemekana kupiga marufuku kuoa mke wa pili na kumwacha mke asiyeridhia. Wayahudi wa Yemen hawakufungwa na marufuku hiyo. Waliendelea na mitala hadi karne ya 20.

Usukumani ng'ombe walibaki kwa baba mkwe, na walichoamua hasa ni watoto ni wa nani. Ng'ombe wakilipwa, watoto ni wa ukoo wa baba. Wasipolipwa, ni wa ukoo wa mama, hata kama kijiji kizima kinamjua baba. Ndoa ikivunjika, wazee walipima kosa ni la nani na watoto ni wangapi, ndipo ng'ombe kadhaa wakarudishwa. Sasa mfikirie mwanamke ambaye kaka yake ameshaoa kwa ng'ombe hao hao: nani nyumbani kwao angemshauri aondoke kwa mume mkorofi? Kwa hili marabi walituzidi sisi Wasukuma. Mali iliyo zizini kwa baba haimlindi binti.

Mtafiti Hans Cory aliziandika mila hizi za Wasukuma katika kitabu cha 1953. Mwaka 1963, utemi, yaani utawala wa machifu, ulipofutwa, serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria ya mila iliyosema kwamba mahari si sharti la uhalali wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikashikilia hivyo hivyo. (Mazizi ya Bariadi hayakusoma tangazo hilo.) Deni la mume kwa mke lilisubiri hadi 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipotamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona ameshatapanya fedha alizopewa na mumewe. Waliofaidi hukumu hiyo ni wanawake waliokuja mahakamani baada yake.