Umoja na wingi kando ya Tana

Walimu wa Kiingereza wa Garissa, Wajir na Mandera wanaifahamu sentensi hii: "I saw five man." Kalamu nyekundu inapita, mtoto anarudishiwa daftari, somo linaendelea. Mimi naona mtoto huyo anaonewa. Hakubahatisha, amefuata kanuni ya lugha aliyolelewa nayo, na kanuni hiyo ina historia.

Kwa Kisomali, nin ni mwanamume na niman ni wanaume. Ukianza kuhesabu, hata hivyo, nomino ya kiume hurudi kwenye umoja: shan nin ni wanaume watano, shan buug ni vitabu vitano. Nambari ikishatajwa, wingi umeshaeleweka. Nomino za kike zina utaratibu wake: maalin ni siku, na siku tano ni shan maalmood.

Wageni waliotafiti lugha hii walishangazwa na wingi wake mapema. Leo Reinisch wa Austria alichapisha sarufi yake mwaka 1903. Mwaka 1912 Mjerumani Carl Meinhof akaandika kuhusu jambo geni zaidi kwake: nomino nyingi hubadili jinsia zikiingia wingi. Fahali yule ni dibiga, mafahali wale ni dibida. Dibi lenyewe halijaongezwa hata herufi moja. Kinachobadilika ni kiambishi cha mwisho, na mahali sauti inapopanda. Toni hizo zilichunguzwa kwa makini na Lilias Armstrong wa London, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1934. Mwaka 1964 B. W. Andrzejewski, mzaliwa wa Poland, akatoa kitabu kizima kuhusu minyambuliko ya nomino za Kisomali.

Mwaka uo huo wa 1964, Tume ya Ominde ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza nchini Kenya. Kaskazini Mashariki ilikuwa katikati ya vita vya Shifta. Maarifa ambayo yangemfaa sana mwalimu wa Garissa yalikuwa London, kwenye rafu za wasomi. Kisomali chenyewe kilipata hati rasmi ya Kilatini Oktoba 1972, tena Mogadishu, ng'ambo ya mpaka. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, lakini pendekezo bila vitabu na bila walimu waliofunzwa haliendi mbali.

Mtoto huyo hubeba lugha ya tatu pia. Kiswahili humfundisha kusema mbuzi mmoja, mbuzi watano: mnyama habadiliki, nambari ndiyo inayovaa wingi. Kisha Kiingereza kinamtaka aongeze "s" kwenye "goat" na kuiacha nambari ilivyo. Hapo kuna kanuni tatu katika hesabu moja, na mtoto ana miaka saba.

Na Kiingereza chenyewe hakikuwahi kuwa safi upande huo. Kaskazini mwa Uingereza wapo wasemao "ten mile" hadi leo. Wafugaji wao huhesabu "twenty head of cattle", wala hakuna anayewasahihisha. Katika soko la mifugo la Garissa, Msomali anayehesabu ng'ombe kumi husema toban neef, na neef iko katika umoja vilevile.

Mwalimu akianzia sokoni hapo, kabla hajafika kwenye "man" na "men", darasa lake litakuwa limeshika nusu ya somo.