Sportster: jina moja, injini tatu

Ukisikia mtu anauza Harley-Davidson Sportster, ulizia mwaka kabla ya bei. Jina hilo liko sokoni tangu 1957, lakini injini yake imeundwa upya mara mbili, na pikipiki mbili zenye jina hilohilo zaweza kutofautiana kabisa.

Ya kwanza ilizaliwa Milwaukee kwa sababu ya Waingereza. Triumph na BSA zilikuwa nyepesi, zina mbio, na vijana wa Marekani walikuwa wakizigombania. Harley ikajibu kwa Sportster ya sisi 883, silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, vichwa vya silinda vya chuma cha kusubu. Ndiyo maana mashabiki huiita Ironhead. Mwaka 1958 ikafuata XLCH, yenye kitangi kidogo na isiyo na stata: unapiga kiki, na ikigoma unapiga tena. Hadi 1974 gia zilikuwa mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto, ndipo sheria ya Marekani ikalazimisha zibadilishane. Aliyezoea pikipiki za leo akiipanda ya 1970 atakanyaga gia akidhani anafunga breki.

Mwaka 1969 Harley ilinunuliwa na kampuni ya AMF, na ubora ukashuka. Harley za miaka hiyo zilipata sifa mbaya ya kuvuja oili. Mwaka 1981 mameneja 13, akiwemo Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waasisi, wakainunua upya.

Matunda yake kwa Sportster yalionekana mwaka 1986: injini ya Evolution, ya alumini, inayopoa upesi, na isiyohitaji fundi kurekebisha nafasi za valvu kila mara. Ile ya sisi 883 iliuzwa dola 3,995. Miaka miwili baadaye ikaja ya sisi 1200, na hapo mafundi wakagundua raha: piston za injini zote mbili zinasafiri umbali uleule, tofauti ni upana wa silinda tu. Wengi walinunua 883 ya bei nafuu, wakatanua silinda, wakapata 1200.

Gia ya tano iliingia 1991. Kwa maoni yangu, Sportster za mwaka huo hadi 2003 ndizo za kununuliwa na mtu anayependa kushika spana. Zina kabureta ambayo fundi yeyote wa bodaboda angeielewa kwa kuitazama, na giaboksi yake hutolewa kupitia mlango wa pembeni bila kupasua injini. Ubaya wake ni mtikisiko. Injini imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na ukienda kasi kwa saa nzima mikono hufa ganzi. Mwaka 2004 injini ikakalishwa juu ya mipira, mikono ikapumzika, lakini pikipiki ikaongezeka uzito na ule mlango ukaondolewa. Tangu hapo gia ikiharibika, injini nzima inafunguliwa. Kabureta nayo ikaondoka 2007.

Kilichoiua Evolution ni moshi. Kanuni za Ulaya zilizoanza 2021 zilikuwa kali mno kwa injini inayopozwa kwa upepo, na Marekani nako ilifikia tamati 2022. Mrithi, Sportster S ya 2021, ana injini ya sisi 1250 inayopozwa kwa maji, yenye nguvu farasi 121. Mdogo wake Nightster, wa sisi 975, alitoka 2022 kwa dola 13,499. Kwenye Nightster, kile kinachoonekana kama tangi ni kifuniko cha njia ya hewa. Mafuta yako chini ya kiti. Ni pikipiki bora kwa kila kipimo, isipokuwa huwezi kuitengeneza uani kwako.

Ukiamua kurudi nyuma hadi Ironhead, chunguza oili kwa uangalifu. Ikiegeshwa wiki kadhaa, oili huchuruzika kutoka kwenye tangi lake hadi tumboni mwa injini, na kijiti cha kupimia huonyesha imepungua. Muuzaji asiyejua huongeza, halafu injini ikiwaka ile ya ziada inatapikwa nje. Mwambie aiwashe kwanza, ipate moto, ndipo mpime.