Mfarishi wa Viraka: Historia ya Zawadi ya Sindano

Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu: kitambaa juu, ujazo wa pamba au sufu katikati, na bitana chini. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono midogo inayopenya yote matatu, ili ujazo usijikusanye upande mmoja. Katika mfarishi wa viraka, tabaka la juu huunganishwa kwa vipande vya nguo mbalimbali. Ni kazi ya subira. Mtu akishona kwa mkono, mfarishi mmoja waweza kumchukua miezi, na ndiyo maana kwa muda mrefu ulishonwa kwa ajili ya mtu anayejulikana kwa jina: bi harusi, mtoto anayetarajiwa, jirani anayehama, mchungaji anayeaga. Desturi hiyo ya kumshonea umpendaye ilikita mizizi hasa nchini Marekani.

Ujuzi wenyewe ni mkongwe kuliko Marekani. Mmoja wa mifarishi ya kale zaidi iliyosalia Ulaya ulishonwa Sicily kati ya mwaka 1360 na 1400. Ni wa kitani, una ujazo wa pamba, na picha zake zilizotuna zinasimulia kisa cha shujaa Tristan. Sehemu zake ziko katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na Bargello, Florence. Inaaminika kwamba ulishonwa kwa ajili ya harusi katika ukoo wa Guicciardini, mmoja wa koo kubwa za Florence. Basi tangu huko nyuma mfarishi ulikwenda na ndoa.

Watu wengi hudhani kwamba walowezi wa kwanza wa Kizungu walipofika Amerika Kaskazini walijifunika viraka kwa sababu ya umaskini. Ukweli ni kinyume. Katika karne ya 17 na ya 18 kitambaa kilikuwa ghali, na maskini hakuwa na mabaki ya kutosha kuunganisha. Alijifunika blanketi la sufu. Mfarishi ulikuwa mali ya wenye nafasi, ukaandikwa katika orodha za urithi pamoja na vyombo vya fedha.

Kilichobadilisha mambo ni pamba. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, iliyotenga nyuzi na mbegu kwa kasi ambayo mikono haikuweza. Miaka ya 1820 viwanda vikubwa vya kufuma vikajengwa Lowell, jimbo la Massachusetts. Bei ya kitambaa ikashuka, na chiti zenye maua zikaingia hata katika nyumba za wakulima wa kawaida. Gharama ililipwa na wengine: pamba hiyo ililimwa na kuchumwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika majimbo ya kusini, na jinsi mashine zilivyozidi kuitaka, ndivyo utumwa ulivyozidi kutanuka kuelekea Alabama na Mississippi.

Nguo ya viwanda hivyohivyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, kutiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja majora ya kitambaa kisichopaushwa, na watu wakakiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Kilifika bara kwa misafara, kikatumika kama fedha, na kikitiwa rangi nyeusi kikawa kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, lakini jina lilibaki. Wanawake wa pwani nao walikuwa na uungaji wao. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza katika karne ya 19 pale waliponunua leso za kichwani zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha sita sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Na kanga, kama mfarishi, ikawa zawadi ya mtu kwa mtu.

Marekani, miaka ya 1840, ilizaa aina ya mfarishi ambayo haikuwa na maana nyingine ila zawadi. Ulikuwa mfarishi wa majina. Kila ndugu, rafiki au muumini wa kanisa alishona mraba mmoja, akaandika jina lake katikati, na mara nyingine tarehe au maneno ya dua. Kisha miraba ikaunganishwa. Jambo dogo la kiufundi liliwezesha hayo yote: kulipatikana wino usiofutika ambao haukula nguo, tofauti na wino wa zamani wenye madini ya chuma uliotoboa kitambaa baada ya miaka michache. Mifarishi hiyo ilitolewa kwa wachungaji wanaohamishwa, kwa maharusi, na zaidi kwa familia zilizofunga mizigo kwenda magharibi. Safari ya kwenda Oregon kwa magari ya kukokotwa na maksai ilichukua miezi, na aliyeondoka kwa kawaida hakurudi. Mama aliyebaki alijua hatamwona tena binti yake. Alichoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba binti huyo atalala chini ya majina ya kwao.

Mjini Baltimore ufundi huo ulifika kilele kati ya mwaka 1846 na 1852 hivi. Huko mafundi, wengi wao wakiwa waumini wa Kimethodisti, walikata vitambaa vya rangi wakavishona juu ya kitambaa cheupe kuwa vikapu vya maua, ndege, meli na majengo ya mji. Ni kazi nzuri mno, na leo makumbusho huzigombea. Lakini hata hiyo ilikuwa na majina ya watu, na mpokeaji aliyewafahamu.

Kushona matabaka matatu pamoja kulifanywa kwa ujima. Mfarishi ulitandazwa kwenye fremu ya mbao, na katika nyumba ndogo fremu hiyo ilining'inizwa kwa kamba kutoka darini ili ipandishwe usiku watu wapate nafasi ya kulala. Majirani walizunguka fremu, kila mmoja na sindano yake, wakamaliza kwa siku moja kazi ambayo ingemchosha mtu mmoja majuma mengi. Msichana alijifunza hapo kushona na pia kusikiliza habari za watu wazima. Cherehani za Elias Howe, aliyepata hataza mwaka 1846, na za Isaac Singer, mwaka 1851, zilirahisisha kuunganisha viraka, ila mishono ya kushikiza matabaka iliendelea kuwa ya mkono katika nyumba nyingi.

Miongoni mwa washonaji waliozaliwa utumwani, jina lililohifadhiwa vizuri zaidi ni la Harriet Powers wa Georgia, aliyezaliwa mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens mfarishi wenye picha 11 za visa vya Biblia. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye shida ilimbana akautoa kwa dola 5, baada ya kuomba 10. Alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, naye akayaandika maelezo hayo. Baada ya hapo Powers alirudi mara kadhaa kuutazama tu. Mfarishi wake wa pili, wenye picha 15, ulitolewa zawadi mwaka 1898 kwa mchungaji Charles Cuthbert Hall na wanawake wa Chuo Kikuu cha Atlanta. Wa kwanza uko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, wa pili uko Boston. Hiyo ndiyo mifarishi yake pekee inayojulikana kusalia.

Mahali ambapo historia hii inaonekana kwa ukamilifu wake ni Gee's Bend, kijiji cha jimbo la Alabama kilichozungukwa pande tatu na Mto Alabama. Joseph Gee alianzisha shamba la pamba hapo mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba lilipita kwa Mark Pettway, na mwaka uliofuata akawahamisha watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina. Walitembea kwa miguu njia nzima. Wazao wao wangalipo, na wengi wanaitwa Pettway hadi leo, jina la mtu aliyewamiliki mababu zao. Baada ya utumwa kufutwa walilima ardhi ileile kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, wakiishi kwa mkopo wa mfanyabiashara kutoka msimu hadi msimu. Bei ya pamba ilipoanguka, mfanyabiashara aliyewakopesha akafa, na mwaka 1932 mjane wake aliagiza madeni yakusanywe. Watu wake waliingia kijijini wakachukua nyumbu, ng'ombe, majembe na chakula cha akiba. Msalaba Mwekundu ndio uliowanusuru na njaa.

Katika hali hiyo mfarishi ulikuwa uhai. Nyumba za magogo zilipitisha upepo, na familia ililala chini ya mifarishi kadhaa kwa mpigo. Wanawake walishona usiku, baada ya shamba na jiko. Walitumia suruali za jinzi na ovaroli zilizochakaa, mashati ya kazi, magunia ya unga na ya mbolea. Ujazo ulikuwa pamba iliyofagiwa sakafuni kwenye mashine ya kuchambulia, ikapigwa kwa fimbo mpaka ilainike. Kutokana na mabaki hayo wakatoa michoro ambayo haifanani na ya mahali pengine: miraba ndani ya miraba katika mtindo unaoitwa Paa la Nyumba, mistari mipana inayopinda bila kuomba radhi, rangi moja inayokatiza ghafla palipotazamiwa nyingine. Binti alijifunza kwa mama, lakini alitarajiwa kutafuta njia yake mwenyewe.

Mfarishi mmoja wa kijiji hicho unaeleza jambo lote. Mwaka 1942 Missouri Pettway alikuwa mjane. Alizichukua nguo za kazi za mume wake, akazikata, akazishona kuwa mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia akiwa kijana, ndiye aliyeisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye. Kitambaa chake kimepauka kwa jua la shambani, na panapoonekana rangi iliyokolea ni pale palipokuwa na mfuko au kiraka cha goti. Umbo la mwili wa mtu limebaki ndani ya nguo. Sasa mfarishi huo uko katika Jumba la Taifa la Sanaa, Washington, na unastahili kuwekwa hapo kuliko kazi nyingi zilizochorwa kwa ajili ya jumba kama hilo.

Miaka ya 1960 wakazi walidai haki ya kupiga kura, na Martin Luther King aliwatembelea Februari 1965. Kivuko cha kwenda Camden, makao makuu ya wilaya, kilikuwa kimesimamishwa mwaka 1962, wakalazimika kuzunguka kwa barabara maili 40 hivi. Kisingerudi hadi mwaka 2006. Walioandikishwa kupiga kura walipoteza kazi na makazi. Hapo mchungaji Francis X. Walter aliiona mifarishi ikianikwa kwenye kamba, akapata wazo la kuinunua kwa dola 10 kila mmoja na kuipeleka mnadani New York. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo wakaanzisha chama chao cha ushirika, Freedom Quilting Bee. Maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, jambo lililowabana washonaji waliozoea uhuru. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliagiza foronya za kitambaa cha kodrai. Kazi ilileta mshahara, na vipande vilivyobaki vilibebwa nyumbani, navyo vikawa mifarishi ya watoto na wajukuu.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston, kisha katika makumbusho ya Whitney, New York, na wahakiki wakailinganisha na michoro ya wasanii mashuhuri wa karne ya 20. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Sifa ikaleta fedha, na fedha ikaleta ugomvi: mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kuhusu malipo na haki za kazi zao, na kesi zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Nguo iliyoshonwa bila bei ilikuwa imeingia sokoni, na aliyeishona ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote katika kuipangia thamani.

Kabla ya hayo, desturi ya zamani ya mfarishi wa majina ilikuwa imefufuka kwingine, kwa sababu ya msiba. Novemba 1985, mjini San Francisco, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba waandamanaji waandike majina ya marafiki waliokufa kwa UKIMWI, na karatasi zikabandikwa ukutani mwa jengo la serikali. Ukuta ule ulimkumbusha mfarishi wa viraka. Wengi wa waliokufa walizikwa kwa aibu, au jamaa zao walikataa kuzika kabisa. Mwaka 1987 watu wakaanza kuwashonea. Kila kipande kilipewa urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kipimo cha kaburi. Waliotengeneza walikuwa wazazi, wapenzi, wauguzi na marafiki, na wengi wao hawakuwahi kushika sindano kabla ya hapo. Walitumia mashati ya marehemu, jinzi, tai, vikaragosi na picha. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, Washington, huku majina yakisomwa kwa sauti. Leo mfarishi huo una vipande vipatavyo 50,000, una uzito wa tani 54, unatunzwa San Francisco, na bado hupokea vipande vipya.