Zimwi Lililotoka Baharini

Ndugu msomaji, huenda umewakuta watoto wako wakitazama sinema ya Godzilla, dubwana litokalo baharini likavunja majumba, ukapita ukisema, "Upuuzi mtupu." Keti kidogo tuangalie asili yake, kwani asili hiyo haikuwa mchezo.

Tarehe 1 Machi 1954, Wamarekani walijaribu bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama mara elfu moja ya lile lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Vumbi jeupe mfano wa jivu likawashukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari. Wote waliugua, na mmoja akafa mwezi wa Septemba.

Tarehe 3 Novemba mwaka ule ule, Godzilla akaonyeshwa Japani. Sinema yaanza kwa chombo kinachounguzwa na mwanga wa ghafla baharini. Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kufafanuliwa. Mtengenezaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari, na aliporudi kutoka vitani China alipita Hiroshima akaiona ilivyoteketea. Zimwi lake lilikuwa limejilalia chini ya bahari. Mabomu ya wanadamu ndiyo yaliyoliamsha.

Ndani ya kisa hicho yumo mtaalamu Serizawa, aliyevumbua silaha kali kuliko zote. Anaitumia mara moja tu kuliua zimwi, naye akaangamia pamoja nalo, akiwa amekwisha kuchoma karatasi zake ili siri isiwafikie watawala. Kujitoa roho sisi hatukusifu. Lakini hofu yake ni ya haki: elimu ni amana, na si kila ajuaye kutengeneza kitu ajua kukizuia.

Mwaka 1956 Wamarekani waliikatakata sinema hiyo, wakamtia mwigizaji wao Raymond Burr, na mengi yaliyogusa habari za bomu yakaondolewa. Baadaye Wajapani wenyewe wakaligeuza zimwi rafiki wa watoto. Dubwana likabaki, onyo likafifia.

Wazee wetu walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Basi, ndugu yangu, watoto watakapoitazama tena, usipite. Keti nao, uwaulize swali moja: nani aliyeliamsha?