Kiswahili cha Kirilo mbele ya Mataifa

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha hupita Usa River, chini ya Mlima Meru, penye mashamba makubwa. Tangu enzi za Wajerumani walowezi walijitwalia ardhi ya miteremko hiyo ya kusini, Wameru wakabaki wamebanwa baina ya mashamba na msitu wa mlima. Wenye mifugo walihamia upande wa kaskazini-mashariki, wakaifanya Engare Nanyuki makao yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ndiyo iliyoshika utawala. Kazi ya mdhamini ni kulinda amana. Hata hivyo, mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza Engare Nanyuki wapewe wafugaji wa Kizungu. Novemba 1951 askari wakaingia. Watu wapatao 3,000 walifukuzwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikapotea. Walipoonyeshwa Kingori, nchi ya joto na homa, wengi walikataa kwenda. Walipopewa fidia waliikataa pia, kwani mwenye kupokea bei amekwisha kuuza.

Silaha hawakushika. Walichangishana fedha, wakaunda chama cha raia wa Meru, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mwaka 1952, huko New York, Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akanena kwa Kiswahili, Seaton akafasiri. Hakuzaliwa nacho, lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kimeru. Lakini lugha iliyokua pwani na visiwani ndiyo iliyobeba kilio cha mlimani hadi ng'ambo.

Desemba mwaka ule Wameru walipata kura nyingi katika Baraza Kuu, ila hazikufika theluthi mbili. Ardhi haikurudishwa. Kirilo aliporejea alizunguka Tanganyika akiwasimulia watu yaliyotendeka, na wengi wakatambua kuwa dhuluma ya Engare Nanyuki ingeweza kuwafika hata wao. TANU ikazaliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile.

Hivyo walioshindwa kwa kura waliwaachia wenzao njia. Mtawala alikuwa na askari na sheria. Wanyonge walikuwa na mchango wa senti, umoja, na lugha ambayo haikuwa mali ya kabila moja.