Gharama za Karatasi za Ukutani Uingereza, Tangu Kodi ya 1712

Karatasi za ukutani zilianza Ulaya kama mapambo ya watu waliotamani vitambaa vya ukutani lakini uwezo ukawakatalia. Tajiri wa karne ya 16 alitundika vitambaa vizito vilivyofumwa kwa mkono. Aliyemfuata kwa kipato alibandika karatasi iliyopigwa chapa ya maua yaleyale. Kipande kikongwe zaidi kinachojulikana Uingereza kiligunduliwa mwaka 1911 kwenye boriti za Chuo cha Christ's, Cambridge. Kina umbo la komamanga lililochapwa kwa wino mweusi, na mgongoni kuna tangazo la serikali la 1509, mwaka ambao Henry VIII alitawazwa. Mchapaji, anayeaminiwa kuwa Hugo Goes wa York, hakuona sababu ya kutupa karatasi iliyotumika upande mmoja tu. Karatasi ilikuwa mali, na kwa zaidi ya miaka 300 thamani hiyo ndiyo iliyoamua nani abandike, abandike vipi na abandue lini.

Ughali ulitokana na utengenezaji wenyewe. Matambara yalipondwa, yakachujwa kwa chekecheo, na kila shiti ikatolewa peke yake kwa mkono. Mashiti hayo yaliunganishwa kwa gundi mpaka yakawa roli ya yadi 12 yenye upana wa inchi 21. Kisha roli ilipakwa rangi ya chini kwa brashi, ikaanikwa, ikapigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Kila rangi ilikuwa na kibao chake, na kila rangi ilisubiri iliyotangulia ikauke. Ua la rangi sita lilimaanisha kuipitia roli nzima mara sita. Ya kifahari zaidi ilikuwa karatasi ya manyoya: fundi alichapa ua kwa gundi badala ya rangi, akanyunyizia vumbi la sufu lililobaki viwandani, likaganda palipo na gundi na kufanana na mahameli. Katikati ya miaka ya 1730 karatasi ya aina hiyo ilibandikwa katika ofisi za Baraza la Mfalme pale Whitehall, ishara kwamba kilichoanza kama kiigizo cha wasiojiweza kilikuwa kimeingia ikulu.

Serikali ilikuwa imeiona thamani hiyo hata kabla ya hapo. Mwaka 1712, chini ya Malkia Anne, ilitozwa kodi ya peni 1 kwa kila yadi ya mraba ya karatasi iliyochapwa au kupakwa rangi. Mwaka 1714 kodi ilipanda hadi peni moja na nusu, na 1777 ikafika peni moja na robo tatu. Roli moja ina eneo la yadi za mraba 7, kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 18 kodi peke yake ilizidi kidogo shilingi 1 kwa kila roli, kabla hujahesabu karatasi, rangi wala fundi. Watu wakatafuta mlango wa nyuma. Kwa kuwa kodi hiyo iliilenga karatasi yenye rangi, wenye nyumba walinunua karatasi tupu, wakaibandika, kisha wakamwita mpaka rangi aichore maua ikiwa tayari ukutani. Wengine walighushi mihuri ya ushuru iliyopigwa mgongoni mwa roli, na mwaka 1806 kosa hilo liliingizwa katika orodha ya makosa yenye adhabu ya kifo. Kodi ilifutwa mwaka 1836. Mihuri hiyo sasa ina kazi ambayo watoza ushuru hawakuifikiria: anayebandua karatasi katika nyumba kongwe akiukuta muhuri mgongoni anajua tabaka lile ni la kabla ya 1836. Maungio ya mashiti nayo yanasaidia, maana sheria haikuruhusu roli ya kipande kimoja kutumika kwa kazi hii hadi mwaka 1830.

Kitu ghali namna hiyo hakikugandishwa ukutani moja kwa moja. Katika nyumba za wenye mali, fundi alipigilia fremu za mbao ukutani, akavuta turubai au kitani juu yake, na karatasi ikabandikwa kwenye kitambaa. Unyevu wa ukuta haukuifikia, na mwenye nyumba akihama au akichoka nayo, misumari iling'olewa na karatasi ikatoka salama. Ndivyo zilivyotundikwa karatasi za China zilizochorwa kwa mkono, miti na ndege bila kujirudia kutoka pembe hadi pembe, ambazo ziliingia kwa meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Kazi ilikuwa ya mafundi wa samani. Thomas Chippendale, anayekumbukwa kwa viti vyake, ndiye aliyeleta na kusimamia ubandikaji wa karatasi za China katika jumba la Nostell Priory mwaka 1771.

Jumba la Temple Newsam, karibu na Leeds, linaonyesha thamani hiyo vizuri kuliko hesabu yoyote. Mwaka 1806 Mwana wa Mfalme alimzawadia Lady Hertford karatasi za China. Zilikaa stoo zaidi ya miaka 20 kabla ya kubandikwa. Zilipowekwa ukutani hatimaye, Lady Hertford aliona hazina ndege wa kutosha, akachukua mkasi na kukata ndege kutoka kitabu cha picha za ndege wa Marekani cha John James Audubon, kilichokuwa kimeanza kutoka wakati huo, akawabandika kwenye matawi. Leo nakala kamili ya kitabu hicho huuzwa kwa mamilioni ya dola. Ndege waliokatwa bado wapo ukutani, Wamarekani katikati ya miti ya China.

Mashine ndiyo iliyovunja mpangilio huu. Kati ya 1839 na 1841 kiwanda cha akina Potter huko Darwen, Lancashire, kilifanikiwa kuchapa karatasi kwa silinda zilizoendeshwa kwa mvuke, rangi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Roli zilizotengenezwa Uingereza ziliongezeka kutoka karibu milioni 1 mwaka 1834 hadi karibu milioni 9 mwaka 1860, na ya bei ya chini kabisa ikauzwa robo ya peni kwa yadi. Roli nzima ya yadi 12 ikawa peni 3, yaani robo ya kodi iliyotozwa kwa roli moja miaka 60 nyuma. Mke wa fundi wa reli sasa aliweza kubadilisha sebule yake kila masika.

Hapo ndipo desturi ya kubandua ilipokufa. Nani akwangue ukuta siku mbili kwa ajili ya karatasi ya peni 3? Mpya ilibandikwa juu ya kuukuu, na kuukuu ilikuwa juu ya kuukuu nyingine. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano, chakula kizuri kwa mende na panya, na kila tabaka liliongeza akiba yao. Penye unyevu uji huo uliota ukungu, na uzito wa matabaka ukaanza kuivuta lipu kutoka kwenye fito zake. Kuta za nyumba za kupanga za London zilinenepa kwa namna hii kizazi baada ya kizazi, maana mwenye nyumba hakutaka kulipia kazi asiyoiona na mpangaji hakutaka kulipia ukuta usio wake.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa ndani ya rangi. Mwaka 1775 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitengeneza kijani kikali kutokana na shaba na aseniki. Mwaka 1814 kijani kingine cha jamii hiyo, kilichong'aa zaidi, kikaanza kutengenezwa Schweinfurt, Ujerumani. Rangi hizo zilipendwa mno, na viwanda vya Uingereza vilizitumia bila kizuizi. Mwaka 1862 watoto wanne wa familia moja huko Limehouse, mashariki mwa London, walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni ilidhaniwa ni dondakoo. Karatasi ya kijani ya chumba chao ilipopimwa ilikutwa na aseniki nyingi, lakini jopo la uchunguzi likasema vifo vilikuwa vya kawaida. Katika miaka ya 1890 Bartolomeo Gosio wa Italia alionyesha kwamba ukungu unaoota kwenye gundi yenye unyevu huigeuza aseniki ya rangi kuwa gesi. Wanasayansi wa baadaye wametilia shaka kama gesi hiyo ilitosha kuua. Vumbi halina ubishi: karatasi ya aina hiyo ikikwanguliwa ikiwa kavu humwaga sumu moja kwa moja puani mwa fundi. William Morris, mbunifu mashuhuri kuliko wote wa fani hii, aliwadharau madaktari waliolalamika, na ikumbukwe kwamba utajiri wa familia yake ulitokana na hisa za mgodi wa Devon Great Consols, uliozalisha shaba na aseniki. Uingereza haikupiga marufuku rangi hizo kwa sheria. Wateja ndio waliozikataa, na viwanda vikaanza kutangaza karatasi zisizo na aseniki.

Hofu hiyo iliwarudishia mafundi kazi ya kukwangua, na wakati huohuo viwanda vilileta vifuniko vigumu kubandua. Mwaka 1877 Frederick Walton alianza kuuza Lincrusta, kifuniko kizito cha mafuta ya kitani chenye nakshi zilizoinuka, ambacho kikishashika ukuta hutoka na lipu yake. Mwaka 1899 makampuni 31 yaliungana kuwa Wall Paper Manufacturers, na karibu soko lote la Uingereza likawa mkononi mwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye nyumba walianza kujibandikia wenyewe. Gundi ya selulosi, isiyoliwa na wadudu, ilichukua nafasi ya uji wa ngano, na karatasi zikauzwa zikiwa zimeshakatwa kingo. Miaka ya 1960 ilileta vinili, inayofutika kwa kitambaa lakini isiyopitisha maji: lazima uso wa plastiki uchanwe kwanza ndipo karatasi ya chini ilowanishwe. Karatasi ya vipande vya mbao, iliyobuniwa na Mjerumani Hugo Erfurt mwaka 1864, ilienea kwa sababu huficha nyufa, na ikishapakwa rangi mara tatu nne hata mashine ya mvuke huchukua muda kuilainisha. Bei ya kubadilisha karatasi ikahama kutoka dukani kwenda kwenye siku za kazi ya fundi.

Mara moja moja karatasi iliyobanduliwa huipita mpya kwa bei. Mwaka 1961 Jacqueline Kennedy aliweka katika Ikulu ya Marekani mandhari za Amerika ya Kaskazini zilizochapwa na kiwanda cha Zuber cha Rixheim, Ufaransa, mwaka 1834. Zilikuwa zimebanduliwa kutoka nyumba ya Maryland iliyokuwa ikibomolewa, zikalipiwa dola 12,500. Magazeti yalilalamika, kwa sababu Zuber walikuwa bado wanachapa mandhari hizohizo kwa vibao vilevile.

Kwa nyumba ya kawaida hesabu ya karatasi yenyewe ni nyepesi. Roli ya Ulaya ina urefu wa mita 10.05 na upana wa sentimita 53, karibu sawa na inchi 21 za zamani. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15, yaani mistari 29. Dari ikiwa mita 2.4, roli moja hutoa mistari minne, na chumba kinahitaji roli 8. Ua likiwa la kujirudia kila sentimita 64, kila mstari hula mita 2.56 ili maua yapatane, roli hutoa mistari mitatu tu, na roli zinakuwa 10.

Kisichohesabika mapema ni kilicho chini. Fundi makini hukwangua kipande kidogo nyuma ya kabati kabla ya kutaja bei: ahesabu matabaka, aangalie kama kuna rangi ya risasi, agonge lipu asikilize palipo wazi. Katika nyumba za Uingereza za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lipu ya chokaa juu ya fito za mbao mara nyingi imeshikiliwa na karatasi yenyewe. Ikibanduliwa, ukuta hudondoka vipande, na bili ya lipu mpya huzidi bili ya karatasi. Aina za karibuni zisizofumwa, ambazo gundi hupakwa ukutani na zikichoka huvutwa kavu kutoka juu hadi chini, zimeipunguza kazi hiyo kwa wale ambao kuta zao ni nzima.