Covax: Mpango uliokusudiwa kugawa chanjo kwa usawa

Covax ulikuwa mpango wa kimataifa ulioanzishwa Aprili 2020 ili kuhakikisha mataifa maskini hayaachwi nyuma katika kupata chanjo ya Covid-19. Uliongozwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), muungano wa chanjo wa Gavi na shirika la CEPI, huku UNICEF ikisimamia usafirishaji.

Chini ya mpango huo, chanjo zingenunuliwa kwa pamoja, kisha kila nchi, iwe tajiri au maskini, ipate mgao kulingana na idadi ya watu wake. Lengo lilikuwa kusambaza dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021.

Hata hivyo, mataifa tajiri hayakungoja. Yalitia sahihi mikataba yao na kampuni za dawa hata kabla ya chanjo kuidhinishwa. Kanada, kwa mfano, iliagiza dozi za kutosha kuwachanja raia wake mara kadhaa. Uingereza ilianza kuchanja umma Desemba 8, 2020, ilhali shehena ya kwanza ya Covax iliwasili Kenya Machi 3, 2021, ikiwa na dozi zaidi ya milioni moja.

Punde si punde likatokea pigo jingine. Covax ulitegemea mno kiwanda kimoja, Serum Institute of India. Maambukizi yalipopanda nchini India mwezi huo huo, serikali ya huko ilizuia chanjo kuuzwa nje ili iwahudumie raia wake. Nchini Kenya, muda wa kusubiri dozi ya pili uliongezwa kutoka wiki 8 hadi 12.

Dozi ya bilioni moja ya Covax ilifika Januari 2022, nusu tu ya lengo. Mpango huo ulikamilika Desemba 31, 2023, ukiwa umesambaza karibu dozi bilioni 2 katika nchi na maeneo 146. Uliokoa maisha ya wengi, lakini chanjo nyingi zilifika zikiwa zimechelewa.

Mnamo Mei 20, 2025, wanachama wa WHO waliidhinisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya maradhi. Lakini kiambatisho kuhusu ubadilishanaji wa sampuli za viini na ugavi wa chanjo, ambacho ndicho kiini cha mvutano, kiliachwa kijadiliwe baadaye.

Umoja wa Afrika nao ulijiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zinazohitajika barani kufikia 2040. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.